Ndoo Arobaini na Mbili

Pampu ya mtaa imekufa tangu Alhamisi,
na birika la ubatizo, pale kanisani kwetu Weti,
waliolichimba hawakumhurumia mchotaji:
ngazi tatu za kushuka, zege tupu,
linameza ndoo arobaini na mbili
na bado linakutazama kama mtu hajashiba.

Mchotaji ndiye mimi. Sina cheo kingine.
Padri Mhina ana stola, mimi nina toroli
lenye gurudumu linalolia kila likipinda.

Alfajiri nikabisha kwa Bi Mwanakheri,
mwenye kisima, ng'ambo ya njia.
Ndoo yangu yavuja, akaniazima zake mbili.
"Maji yote hayo ya nini, kuna harusi?"
"Kuna maziko."
Kanga ikamdondoka begani. "Ewe! Nani kafa?"
"Hajafa bado. Atakufa saa nne,
baada ya wimbo wa pili."

Nikamweleza nilivyoelezwa:
kwamba kwetu mtu hanawi tu akang'ara,
anazikwa pamoja na Bwana wake,
maji yanamfunika kama udongo,
na anayeinuka anavuta pumzi ambayo si yake.
"Na nani huyo wa saa nne?"
"Chilumba. Mchuma karafuu."
Akanyamaza. Kamba ya kisima ikadondosha matone.
"Chilumba aliyenila pishi zangu nane
mwaka ule nimekaa eda?"
Sikuwa na jibu.
"Basi chota," akasema. "Chota mpaka chini.
Huyo ndoo moja haimtoshi."

Miaka arobaini na tano Chilumba anapanda.
Hajui kitu kingine: kigoe mkononi, shina kifuani,
tawi la juu kabisa, lile vijana huliogopa.
Mara mbili kaanguka, mara mbili ardhi imemkataa.
Leo anaambiwa ashuke.
Ngazi tatu tu, na magoti yanamcheza
kama kifaranga kilichonyeshewa.

"Jina jipya ulilochagua?" Padri akauliza.
Tulishampa orodha: Silvano, Anakleti, Bonaventura.
Akatikisa kichwa.
"Chilumba.
Nikiingia na jina la mtu mwingine, atakayezama nani?
Aliyeiba ni Chilumba. Aliyemwacha mama yake Mtwara
akafa akimwita, ni Chilumba.
Mwiteni huyo huyo. Azame huyo.
Akitoka, nataka ajue ni yeye aliyesamehewa."

Padri, na miaka yake mitano ya chuo,
akafumba kitabu kidogo, kidole kikiwa ndani.

Kwa jina la Baba: mapovu.
Na la Mwana: kimya,
na katika kimya kile nikahesabu,
mimi niliyebatizwa mchanga, nisiyekumbuka lolote
ila nasimuliwa kwamba nililia,
nikahesabu moja, mbili, tatu, nne,
nikaogopa kweli kwamba maji niliyoyasukuma kwa toroli
yameijua kazi yao.
Na la Roho: akatoka akikohoa,
mdomo wazi, kamasi, hana heshima hata chembe,
kama walivyo wote wanaozaliwa.

Maji hayo hatuyamwagi mtaroni.
Jioni nikayachota tena, ndoo kwa ndoo,
nikayapeleka chini ya mlangilangi nyuma ya kanisa.
Yalinukia karafuu.
Ni mikono yake, nadhani. Harufu ya chumo
haiondoki kwa kuzama mara tatu,
wala sijui kama ilitakiwa iondoke.

Mlangoni kwa Bi Mwanakheri nikamkuta kanitangulia,
shati bado limemganda mgongoni,
kakumbatia pakacha: pishi tatu.
"Tano bado," anasema.
Bibi anapima kwa pishi yake mwenyewe,
anasawazisha juu kwa kiganja, polepole,
punje moja inaanguka, anaiokota, anairudisha.
"Tano bado," anakubali.
Kisha ananigeukia mimi:
"Na ndoo zangu, zi wapi?"